Mzigo wa Kijana Mgonjwa wa Akili ni wa Nani?

Mtu akifa kijijini, hakuna anayeuliza kulia ni kazi ya nani. Kabla jua halijatua, majirani wamekwisha kufika. Wanawake wanaleta unga na sombe, wanaume wanaleta kuni, vijana wanachimba kaburi. Karibu na mlango wa nyumba ya matanga anakaa mzee mmoja mwenye daftari, naye anaandika majina ya watu na mchango wa kila mmoja. Desturi hii ni njema. Wazee waliishika kabla Injili haijafika, wala Injili haikuja kuivunja.

Lakini na uangaliwe mfano mmoja, ambao katika vijiji vingi vya Kongo si mgeni. Kijana wa miaka kumi na saba, aliyekuwa mwerevu shuleni na mwepesi wa kucheka, anaanza kukaa peke yake. Usiku halali. Chakula anakisukuma kando. Shamba lake linaota majani. Mama yake akimwuliza, anajibu kwamba mawazo ni mengi, na kwamba ingalikuwa heri asizaliwe. Majirani wanaona. Mmoja anasema ni uvivu, mwingine anasema ni bangi, wa tatu anataja jina la shangazi mzee kuwa ndiye aliyemloga. Mama anatafuta mtu wa kumsindikiza mpaka hospitali, mwendo wa siku mbili. Anajibiwa kwamba sasa ni wakati wa kupanda, na tena fedha hakuna. Mwezi wa tatu kijana anajiua.

Jioni ile ile kijiji kizima kinafika. Unga unaletwa, kuni zinaletwa, daftari linafunguliwa. Na hesabu ikifanywa baada ya matanga, fedha zilizoandikwa zingalitosha kumpeleka kijana yule hospitali na kumrudisha, si mara moja, bali mara tatu.

Mama hakuomba hesabu ile. Lakini Mungu aliiona. Kutoka hapo linazaliwa swali ambalo kila anayejitayarisha kwa ubatizo inampasa alifikiri kwa moyo mtulivu: mzigo wa kijana mgonjwa wa akili ni wa nani? Ni wa mama yake peke yake? Ni wa serikali? Ni wa mapadri na masista? Au ni wa kila Mkristu, na hata wa mkatekumeni ambaye maji ya ubatizo hayajamgusa bado?

I. Ugonjwa ni ugonjwa

Mungu alimwumba mtu mwenye mwili na roho. Mwili una viungo vingi, na kila kiungo chaweza kuugua: tumbo, mapafu, mguu, jicho. Ubongo nao ni kiungo cha mwili. Humo hupita mawazo, furaha, hofu, kumbukumbu na usingizi. Basi, kama vile mguu unavyoweza kuvunjika, vivyo hivyo ubongo waweza kuumizwa: kwa malaria kali ya utotoni, kwa pigo la kichwa, kwa pombe na bangi, kwa urithi wa ukoo, kwa njaa, kwa hofu kubwa, kwa huzuni isiyopata faraja. Mara nyingi sababu hizo huja mbili au tatu pamoja. Mara nyingine haionekani hata moja.

Tena magonjwa haya si ya namna moja. Yuko kijana anayelemewa na huzuni hata hawezi kuinuka kitandani, na watu wanamwita mvivu. Yuko anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na watu wanamwita mwenda wazimu. Yuko aliyeona nyumba yake ikichomwa, na kila mlango unapogongwa kwa nguvu moyo wake unarudi kwenye usiku ule. Yuko pia mwenye kifafa, ambacho ni ugonjwa wa ubongo. Povu la mwenye kifafa halimwambukizi mtu yeyote, lakini wangapi wameungua motoni au kuzama mtoni kwa kuwa wenzao waliogopa kuwagusa?

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba, katika vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana ugonjwa wa namna hii. Mwaka 2019 shirika hilo hilo lilieleza kwamba, mahali palipopita vita, mtu mmoja katika kila watano anaumwa hivyo, mwingine kidogo, mwingine sana. Katika Kivu vita vimekuja na kurudi tangu mwaka 1996, na Ituri nayo imelia sana. Basi katekista akisimama mbele ya vijana wake katika shapeli, ajue kwamba huenda baadhi yao wamebeba jeraha ambalo hakuna anayeliona.

II. Si adhabu, wala si uchawi

Wanafunzi wa Yezu walipokutana na kipofu tangu kuzaliwa, walimwuliza Bwana kama ni mtu yule aliyetenda dhambi au ni wazazi wake. Yezu alikataa yote mawili, kisha akamponya. Kadhalika Yobu: rafiki zake walipokuja kumtazama, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na kwa hiyo walifanya vema. Walipoanza kutafuta dhambi iliyomletea mateso, hapo ndipo walipokosea, na mwishoni Mungu mwenyewe aliwakaripia.

Kumbe watu wengi hata leo wanaanza pale rafiki za Yobu walipokosea. Mtoto akianza kusema ovyo au kuanguka, anatafutwa mchawi. Mara nyingine mtoto mwenyewe anaitwa mchawi, anapigwa, anafukuzwa nyumbani. Huo ni udhalimu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu kwa afanyaye hivyo. Lakini kabla ya sheria ya nchi iko amri ya Mungu inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Anayetaja jina la shangazi mzee bila ushahidi anavunja amri hiyo, na ugonjwa wa kijana haupungui hata kidogo.

Wako pia wanaomfunga mgonjwa kwa minyororo katika nyumba ya maombi, wakimnyima chakula siku nyingi ili pepo atoke. Eklezia inajua kwamba Shetani yuko. Hata hivyo Katekisimu yake ya mwaka 1992 inaagiza kwamba, kabla ya ibada ya kufukuza pepo, ihakikishwe kwanza kwamba jambo lenyewe si ugonjwa, maana magonjwa ya akili ni kazi ya waganga wa hospitali. Kama Eklezia yenyewe inajizuia hivyo, nani aliyempa jirani ruhusa ya kufunga na kupiga?

III. Fadhili au deni?

Hapa ndipo penye kiini cha swali. Mtu akisema: «Nikimsaidia, nitakuwa nimefanya wema, nisipomsaidia, sikumwibia kitu», je, anasema kweli?

Na ifikiriwe kwanza michango ya kawaida ya kijiji. Katika likelemba kila mmoja anatoa kwa zamu, na kila mmoja anapokea kwa zamu. Katika matanga ni karibu vivyo hivyo: anayeleta unga leo anajua kwamba siku ya msiba wake unga utarudi. Ndiyo maana daftari linaandikwa. Hiyo ni haki ya majirani, nayo yastahili sifa. Lakini bado si mapendo kamili, kwa sababu mkono unaotoa unatazama mkono utakaorudisha.

Kijana mgonjwa wa akili hawezi kuandikwa katika daftari hilo. Hatarudisha. Pengine hatasema asante, na pengine atamtukana anayemletea chakula. Yezu alisema mambo haya wazi alipokuwa mezani kwa Mfarisayo: aliwafundisha watu wawaalike maskini, vilema na vipofu, kwa sababu hao hawana cha kulipa. Basi kijana huyu anawapima wote. Anayemsaidia rafiki mwenye mbuzi kumi hajui bado kama anapenda au anafanya biashara. Anayemsaidia kijana asiyeweza kushukuru anajua.

Tena, wema huu si fadhili tu. Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisarea aliyekufa mwaka 379, aliwafundisha matajiri kwamba kile walichofungia ghalani bila kukitumia ni mali ya wenye njaa. Kadiri ya mafundisho hayo, anayeweza kumwokoa jirani asifanye hivyo hawezi kusema kwamba hakuchukua kitu. Katika mfano wa Msamaria, kuhani na Mlawi hawakumpiga mtu yule wala hawakumnyang'anya. Walipita tu. Na kupita tu ndiko Bwana alikokushutumu.

Basi jibu ni hili: msaada huo ni deni la mapendo. Kila mmoja atalipa kadiri ya uwezo wake. Mjane wa hekaluni alitoa sarafu mbili tu, na Yezu alisema kwamba amewapita wote. Lakini hakuna aliye maskini hata asiweze kulipa kitu.

IV. Nguruwe wa Gerasa

Injili inasimulia habari ya mtu mmoja katika nchi ya Wagerasi, aliyekaa makaburini, akipiga kelele usiku na mchana na kujikata kwa mawe. Injili inasema kwamba alikuwa na pepo. Si kila mgonjwa wa akili aliye hivyo. Lakini katika habari ile watu wa kijiji nao wana fundisho lao. Wao walimfunga minyororo mara nyingi, na hiyo ndiyo dawa pekee waliyoijua. Yezu alipomponya, walimkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Je, walifurahi? Waliona nguruwe wao wamezama ziwani, wakamsihi Yezu aondoke. Kurudi kwa mtu mmoja kulionekana ghali kuliko kundi la nguruwe.

Mkatekumeni akisoma habari hiyo asiwacheke Wagerasi upesi. Kijiji kinachosema kwamba msimu wa kupanda hauruhusu kumsindikiza mgonjwa kimesema neno lile lile, kwa sauti ya chini.

Na Yezu hakumchukua mtu yule aende naye mbali. Alimrudisha nyumbani kwa watu wake. Maana yake, kupona hakumaliziki hospitalini. Kunamalizika pale kijiji kinapomfungulia mlango aliyekuwa makaburini.

V. Ni nini cha kutolewa

Nabii Eliya alikimbilia jangwani, akakaa chini ya mti, akaomba kufa. Mungu hakumkemea. Hakumwambia kwamba nabii haruhusiwi kuhuzunika. Alimwacha alale. Kisha malaika alimgusa, akampa mkate wa moto na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na mkate. Baada ya hayo tu ndipo Mungu alipomwuliza anafanya nini pale, akamsikiliza, akamrudishia kazi yake na kumwonyesha mwenzi.

Hivyo ndivyo msaada unavyopangwa: usingizi na chakula kwanza, mtu wa kukaa naye, sikio la kusikiliza, kisha kazi na mwenzi. Mahubiri marefu hayakutangulia.

Mtume Paulo aliufananisha umoja wa Wakristu na mwili wenye viungo vingi. Basi kila kiungo cha shirika kina sadaka yake.

Macho yanatoa kwa kuona. Katekista, mwalimu au mwenzi wa shamba ndiye anayetambua kwanza kwamba kijana amebadilika.

Masikio yanatoa kwa kusikiliza. Mjini Harare, katika Zimbabwe, mganga Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi wazee kumi na wanne wa mtaa wa Mbare. Walifundishwa kukaa kwenye benchi la mbao karibu na kituo cha afya na kuwasikiliza watu wenye ugonjwa ambao Washona wanauita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi yalitolewa: waliosikilizwa na mabibi hao walipata nafuu kuliko wale walioachwa katika utunzaji wa kawaida. Mabibi hao hawakuwa waganga. Walikuwa na subira, walikuwa na mafundisho kidogo, na walikuwa na mahali pa kukaa.

Miguu inatoa kwa kusindikiza. Wale wanne waliomchukua mwenye kupooza walipanda juu ya nyumba, wakaitoboa dari. Kipoyi kimoja chahitaji mabega manne.

Mikono inatoa kwa kulima. Mama anayekaa hospitali na mwanawe mwezi mzima anarudi na kukuta shamba limekufa. Wenzake wakilima sehemu yake kwa zamu, wamemtibu kijana bila kugusa dawa.

Mfuko unatoa fedha za njia na za dawa. Mwenye kifafa anayetumia dawa iitwayo fenobarbitali inampasa aile kila siku. Akiiacha ghafula kwa kukosa fedha, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu kubwa kuliko mwanzo. Ndiyo maana mchango mdogo wa kila mwezi una faida kuliko mchango mkubwa wa siku moja.

Kinywa nacho kinatoa, kwa kufungwa. Siri ya mgonjwa isipelekwe kisimani wala sokoni. Lakini hapa pana mpaka: kijana akimwambia mwenzake kwamba anataka kujiua, mwenzake asiifiche siri hiyo. Asimwache peke yake, na upesi amwambie mzazi, katekista au mganga. Tena asiogope kumwuliza waziwazi. Kumwuliza hakumtii wazo hilo moyoni. Mara nyingi kunamfungulia mlango wa kusema.

VI. Waliotangulia

Kazi hii si ngeni katika Eklezia. Mtakatifu Yohane wa Mungu alizaliwa Ureno mwaka 1495, akawa mchungaji, askari, na mwisho mwuza vitabu mjini Granada. Alipolemewa rohoni hata watu wakamwona mwenda wazimu, alifungwa hospitalini, akapigwa viboko kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Alipotoka hakutafuta kisasi. Alifungua nyumba ya wagonjwa, akawatunza kama yeye alivyotamani kutunzwa, akiomba sadaka njiani hata alipokufa mwaka 1550.

Katika Ubelgiji uko mji wa Geel, penye kaburi la Mtakatifu Dimfna. Tangu zamani wagonjwa wa akili walipelekwa huko kumwomba mtakatifu. Chumba cha kanisa kilipojaa, wakulima waliwachukua nyumbani kwao, wakawapa kitanda, nafasi mezani na kazi shambani. Desturi hiyo ilidumu karne kwa karne. Mwaka 1938 wageni hao walikuwa zaidi ya 3,500 katika nyumba za mji ule, na desturi hiyo haijafa hata leo. Mwaka 2023 UNESCO iliiandika katika orodha ya mifano bora ya kuhifadhi urithi wa mataifa. Watu wa Geel hawakuwa matajiri kuliko wengine. Walizoea tu kwamba mezani kuna mtu mmoja zaidi.

Katika nchi hiyo hiyo padri Petro Yosefu Triest alianzisha mjini Gent, mwaka 1807, shirika la Mafrateri wa Mapendo, na hao waliwafungua minyororo wagonjwa waliokuwa wamefungwa chini ya ngome ya giza. Watoto wao wa kiroho wanafanya kazi hiyo katika Kongo: mjini Bukavu wana kituo kiitwacho SOSAME, mjini Goma kituo cha Tulizo Letu, mjini Lubumbashi kituo chenye jina la mganga Joseph Guislain, aliyekuwa mwenzi wa Triest.

Na mtu asiseme kwamba haya ni ya mafrateri tu. Grégoire Ahongbonon, mzaliwa wa Benin, alikuwa fundi wa kuziba mipira ya magari mjini Bouaké, katika Kodivaa. Biashara yake ilipoanguka, naye alitaka kujiua. Padri mmoja alimpokea. Alipopata nguvu tena alianza na kikundi cha sala kutembelea wagonjwa maskini. Kisha alianza kuwapelekea chakula na maji wenda wazimu wa barabarani, ambao watu wote waliwaepuka. Tangu miaka ya 1990 shirika lake, lenye jina la Mtakatifu Kamili wa Lellis, limefungua vituo katika Kodivaa, Benin na Togo, limewafungua watu wengi waliofungwa kwenye miti na magogo, na wengi wa wahudumu wake walikuwa kwanza wagonjwa. Hakusomea udaktari. Alianza na sahani ya chakula.

VII. Maswali na majibu

S. Je, kusali hakutoshi?
J. Sala ni lazima, maana Mungu ndiye mponyaji. Lakini anayemwomba Mungu amlishe mwenye njaa, huku chakula kiko mkononi mwake, amekwisha kupewa jibu. Mkristu amsalie mgonjwa, tena ampeleke kwa mganga. Kunywa dawa si kukosa imani.

S. Na kama mgonjwa ni mkali?
J. Wagonjwa wengi si wakali. Mara nyingi wao ndio wanaopigwa. Hata hivyo busara haipingani na mapendo. Waendao kumtembelea waende wawili wawili, pamoja na ndugu anayemzoea, waondoe visu na mapanga, waseme polepole, wasimpige wala kumcheka. Akizidi, mwuguzi aitwe. Wenye kujitolea wasijifanye waganga.

S. Kijana akipona, kisha akaanguka tena, mchango haukupotea?
J. Haukupotea. Mwenye malaria hutibiwa kila inaporudi, na hakuna anayemlaumu. Msamaria aliacha dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa gharama nyingine atakaporudi. Alijua kwamba kupona kuna safari.

S. Watu wakitoa wenyewe, serikali haitalala?
J. Sadaka haifuti haki. Wakubwa wa nchi wana wajibu wa kuweka waganga na dawa, na raia wana haki ya kuwakumbusha bila woga. Lakini anayeanguka mtoni leo hangoji daraja litakalojengwa mwakani.

S. Je, aliyejiua aweza kuombewa?
J. Naam. Kujiua ni kosa kubwa, kwa kuwa uhai ni wa Mungu. Lakini Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba ugonjwa wa akili, hofu kubwa au mateso mazito vyaweza kupunguza hatia ya mtu, na kwamba Mungu ana njia zake za kumpa toba. Zamani Sheria ya Eklezia ya mwaka 1917 ilimnyima mazishi ya kanisa aliyejiua kwa kusudi. Sheria ya mwaka 1983 haikurudia katazo hilo. Basi mama yake asifukuzwe shapelini, wala asitupiwe maneno.

VIII. Daftari la pili

Shirika likitaka kuanza, lisingoje fedha nyingi. Litafute kwanza ni kituo gani cha afya kilicho karibu chenye mwuguzi anayejua magonjwa haya, na siku zake ni zipi. Lichague watu watatu wa kutunza sanduku, mmoja wao akiwa mwanamke na mmoja kijana, na hesabu isomwe kila mwezi mbele ya wote, bila kutaja majina ya wagonjwa. Asiye na franka alete kikombe cha maharagwe. Asiye na maharagwe atoe asubuhi moja ya kulima. Na vijana wenyewe wasiachwe nyuma, maana kijana husikia sauti ya kijana mwenzake. Kumwita mwenzao mchezoni, kukaa naye njiani kutoka shule, kumkataza anayemcheka: hizo ni sadaka ambazo mzee hawezi kuzitoa.

Tena mtoaji asijionyeshe. Yezu alifundisha kwamba sadaka itolewe kwa siri. Kijana asionyeshwe mbele ya watu kama kitu kilichonunuliwa kwa michango yao. Ana jina, ana heshima, ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na mfano huo haufutwi na ugonjwa wowote. Akipata nguvu, naye apewe sehemu ya kutoa, kwa sababu anayepokea siku zote bila kutoa anabaki mgeni.

Basi katika kila kijiji liko daftari la matanga, nalo ni zuri. Kwa walio hai kunahitajika daftari la pili. Mkatekumeni anayejitayarisha kwa ubatizo atafute usiku huu moyoni mwake: katika nyumba zilizo karibu na yake, ni kijana gani ambaye hajaonekana tangu Dominika iliyopita? Na kesho asubuhi, kabla ya kwenda shambani, apite kwake kumwamkia, akae kitako, asiwe na haraka.